Habari Huja Baada ya Maji

Sijui kukaa. Mama yangu husema nina mambo ya kuku: hata ukimmwagia mahindi mbele yake, yeye atachakura tu. Tangu nianze kuandika ukurasa huu nimeinuka kwenda kutazama kama pasi imepoa, nikarudi, nikainuka tena kuitazama. Ilikuwa imepoa tangu asubuhi. Maneno ya mwanzo nimeyafuta na kuyaandika upya mpaka karatasi ikatoboka. Sasa nimeamua niyaache yalivyo, maana nikiyafuata, mvua za vuli zitanikuta bado niko hapa hapa.

Mimi ni fundi cherehani, na hakuna aliyenifundisha. Shule niliiacha darasa la nne, muda mfupi baada ya Uhuru, wakati ile bendera mpya uwanjani haijaanza kupauka. Kusoma kwingine nimesoma kwenye magazeti yanayofungiwa sukari. Kushona nimejifunza kwa kufumua. Mume wangu alikuwa akifanya kazi kwenye shamba la mkonge karibu na Korogwe. Alipopata kazi Tanga alipata na mke huko huko, akaniandikia talaka, akaniachia binti wa kunyonya na cherehani ya miguu aliyokuwa ameshindwa kuiuza kwa sababu ilikuwa inakata uzi. Nilinunua shati kuukuu sokoni nikalifumua lote, nikavipanga vipande juu ya mkeka: mgongo, vifua, mikono, kola yenye matabaka yake ya ndani ambayo mvaaji haoni. Nikalishona tena. Likapinda. Nikalifumua. Nilifanya hivyo mpaka kitambaa kikawa laini kama kamba ya zamani, na kufikia hapo nilikuwa najua shati linavyosimama.

Watu wa Korogwe waliniita mwenye bidii. Wakinipita kibarazani asubuhi wananikuta, wakinipita jioni wananikuta. Lakini nataka kusema ukweli kwa kuwa hapa hakuna anayenikatiza: haikuwa bidii, ilikuwa hofu. Niliogopa kurudi nyumbani mikono mitupu. Niliogopa mteja arudi na nguo aseme hapa pamevuta. Usiku nikilala niliona mishono. Nikikuta pindo limeenda upande kwa upana wa unywele, upande ambao hakuna binadamu angeinama kuutazama, nilifumua gauni zima. Nikimaliza nguo nzuri sikufurahi. Nilipumua tu, kama mtu aliyepishana na nyoka njiani akasalimika, kisha nikashika nyingine.

Binti yangu nilimpeleka kwa mama yangu alipofika umri wa kuachishwa ziwa. Kwetu hivyo ndivyo tunavyofanya. Mtoto akiwa na mama yake hawezi kusahau titi, kwa hiyo hupelekwa kwa bibi, akapewa uji na hadithi, na likipita msimu mmoja anarudi kwa mamaye amekwisha kuwa mtu. Kwetu ni upande wa Handeni, mbele ya Mazingara, mahali pa nyumba chache zilizotawanyika kwenye mashamba ya mahindi na muhogo. Nilimwacha mwanangu amelala mgongoni kwa bibi yake, nikaondoka bila kumuaga ili asilie. Nilisema nitamfuata nikimaliza nguo za Idi. Zilipokwisha nguo za Idi zikaja sare za shule. Zilipokwisha sare ikaja harusi. Msimu ukapita, na mingine mingi ikapita. Nilikwenda kumwona mara mbili, kila mara nikifika mchana na kuondoka na basi la asubuhi, na mara zote mbili nilimkuta anakua vizuri. Hilo lilinitosha. Nilijiambia ninafanya haya yote kwa ajili yake, na nilipojiambia hivyo niliongeza mwendo wa miguu.

Kibaraza nilichokaa kilikuwa cha duka la Mhindi mmoja muuza vitambaa. Mteja alinunua kitambaa ndani, akatoka nje akakipima kwangu; ndivyo tulivyoishi. Mzee huyo alikuwa na tabia moja iliyonitesa. Kila siku adhuhuri alifunga duka. Hata kama kuna mtu mlangoni ameshika kitambaa, alimtoa kwa upole, akashusha komeo, akapanda ghorofani kwa mkewe na wajukuu, akala, akalala. Nilisikia mikoromo yake huku nakanyaga cherehani. Nje watu walikuwa wakimsema kwamba ni mlafi wa mali, na huyo mlafi alikuwa amelala.

Siku moja akaniuliza wakati anafungua, macho bado yana usingizi, "Fundi, umekula?"

"Bado, mzee. Namalizia mikono hii."

"Jana uliniambia hivyo hivyo. Ni mikono ile ile?"

"Mingine."

"Basi haiishi. Mimi nina duka tangu kwa baba yangu. Halijawahi kuniambia, leo umetosha, nenda ukale."

"Na wateja wanaoondoka, mzee?"

Akacheka. "Duka likiniona usoni kutwa nzima litanichoka. Na mke wangu asiponiona atanisahau. Bora duka linisahau kidogo."

Niliona ni maneno ya mtu aliyeshiba. Mtu aliyerithi duka anaweza kulala. Mimi nimerithi nini? Nilikuwa na ndoto ya duka langu mwenyewe, lenye kioo na jina limeandikwa juu kwa rangi nyekundu, na nilijua fika kwamba wakati wenyewe haukuwa wa ndoto kama hiyo. Maduka ya ushirika yalikuwa yanafunguliwa. Vijana wakipita sokoni walinitania, "Bepari mama, umeajiri wangapi?" Mwingine anamjibu, "Ameajiri miguu yake miwili, na anainyonya kweli kweli!" Nilicheka nao. Kisha nilikaa na neno hilo siku nzima nikilifumua na kulishona. Je, mimi ni kupe? Nikishona usiku na mchana namnyonya nani? Wakija kusema vyerehani vyote viwe vya ushirika, nitakuwa nani? Hofu hiyo nayo ikawa sababu ya kukazana zaidi, ili kama ni kunyang'anywa, wanikute nimekwisha kufika mahali fulani. Ni wapi huko, sikujua.

Sasa nifike kwenye benchi. Palikuwa na benchi kibarazani, karibu na cherehani yangu, na kila mtu wa kwetu aliyekuja Korogwe, kwa hospitali, kwa treni, kwa kuuza mahindi, alikaa hapo. Mtu wa kwetu akikaa haondoki. Anaanza habari za mvua, anaingia za nguruwe pori, anafika za fulani aliyeoa na fulani aliyekataa kuolewa. Niliona wananila muda. Nikamwomba mzee mwenye duka benchi liingizwe ndani kwa ajili ya wanunuzi, na tangu siku hiyo wageni wangu walisalimu wamesimama. Walipungua. Nilijisifu kimoyomoyo kwa akili hiyo.

Ndipo akaja jirani yetu wa nyumbani, mzee ambaye shamba lake linapakana na la mama. Alikuwa ametembea na jua, kofia ameishika mkononi. Nilikuwa nimeanza sare za shule nzima, kaptula za kaki na mashati meupe kwa wavulana, sketi za buluu kwa wasichana, kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa, na nilikuwa kwenye kola. Kola ndiyo mahali pa kuaibikia.

"Shikamoo, mzee," nilisema, mguu haukusimama.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Mama hajambo? Mtoto?"

"Wote wazima. Mama yako anakusalimu sana."

"Alhamdulillahi. Samahani mzee, nigeuze kola hii kwanza, halafu tuzungumze."

Akasema, "Haya, endelea." Akatazama huku na huku, akaegemea nguzo. Niligeuza kola, ikakataa ncha moja, nikaifumua, nikaigeuza tena. Nilipoinua kichwa, nguzo ilikuwa peke yake. Nikafikiri kapatwa na haraka yake. Nyumbani wazima, mama hajambo, mtoto hajambo, nimekwisha kusikia. Nikashika kola nyingine.

Mtu wa kwetu yeyote akisoma hapa atashika kichwa, maana kosa lenyewe analiona. Sisi hatuanzi na habari. Hata kama nyumba imeungua na anayekusalimu ana jivu miguuni, atakuambia nzuri. Nzuri ni mlango tu. Ukimkaribisha akakaa, ukampa maji akanywa, akapumzika, ndipo husema, "Ila…" na habari yenyewe iko baada ya hiyo ila. Jambo hili nililijua tangu utotoni. Nilimwona baba yangu, Mungu amrehemu, akipokea misiba kwa namna hiyo, kwanza kibao cha kukalia, kisha kata ya maji. Lakini nilikuwa nimeliondoa benchi, na maji sikumpa.

Haukupita muda mrefu nikaota mwanangu ananiita na mimi natafuta uzi wa rangi inayofanana. Ndoto hiyo ilinikaa vibaya. Sare zilikuwa zimebaki mashati tu, matundu ya vifungo na vifungo vyenyewe, kazi ya mkono. Nikamwambia mwenye duka nakwenda kumwona mtoto, nitarudi kesho.

"Kesho?" akasema. "Kaa hata juma."

"Na shule?"

"Shule ina walimu. Haikosi mtu wa kuitazama."

Nilimshonea mwanangu gauni la popolini ya njano, mikono ya puto, usiku mmoja, kwa kukisia. Mashati yaliyobaki nikayatia kwenye kikapu na kupanda nayo basi. Niliketi dirishani, si kwa ajili ya kutazama njia, bali kwa ajili ya mwanga, na kutoka Korogwe mpaka Handeni, na kutoka Handeni kuelekea Mazingara, nilitoboa matundu ya vifungo. Basi likiruka, sindano inasubiri. Basi likitulia, sindano inakwenda. Mahali fulani kabla ya kituo chetu kulikuwa na kelele nje, nyundo, watoto wakiita basi, abiria wakasogea madirishani na mmoja akasema, "Kumbe wamefika wengi hivi!" Sikuinua kichwa. Tundu lilikuwa nusu.

Nilishuka mahali petu pa siku zote, nikashika njia ya miguu. Kitu cha kwanza kilichonisumbua ni njia yenyewe: ilikuwa na michirizi mipana, kama kitu kizito kimeburutwa. Kisha kimya. Mahali pa kwetu hapakosi mchi kwenye kinu, lakini sikusikia mchi. Nilipofika kwenye nyumba ya kwanza niliona ukuta, na juu ya ukuta mbingu. Hakuna paa. Hakuna mlango, palipokuwa na fremu pameng'olewa, udongo bado mbichi. Ya pili hivyo hivyo. Nikaanza kukimbia, kikapu kichwani, mashati yakidondoka nyuma yangu. Nyumba ya mama ilikuwa kuta nne na kuku mmoja ndani aliyesahauliwa. Jiko lilikuwa mafiga matatu yaliyopoa. Kwenye ukuta, chini, chini kabisa, kulikuwa na mistari ya mkaa, michoro ya mtoto: duara lenye miguu. Sikuwahi kujua kama mwanangu anachora.

Nilipiga kelele. Sijui nilisema nini. Kichwa changu, ambacho siku zote kinajua kushona vipande, kilikuwa kimekwisha kushona njaa, ndui, simba, na kaburi dogo.

"Nani huyo anayelia kama kafiwa?" Ni yule jirani yetu. Alitokea nyuma ya nyumba yake na nguzo begani. Alikuwa amerudi kuchukua miti iliyobaki.

"Mzee, wako wapi? Mwanangu yuko wapi?"

"Shikamoo haipo tena Korogwe?"

"Shikamoo! Wako wapi?"

"Marahaba. Wako barabarani, kwenye kijiji kipya. Tumehamishwa sote. Lori lilikuja likabeba wazee na vyombo, sisi wengine tukaburuta milango yetu." Akaitua nguzo chini, akanitazama. "Si nilikuja kukuambia?"

"Uliniambia nzuri!"

"Ulitaka nianze na mbaya nimesimama kama askari? Sijakaa, sijanywa hata maji, unakanyaga hilo dude lako, nianzie wapi? Mama yako aliniambia, kamwambie binti yangu tunahama, aje asaidie kujenga, na kama hawezi aje amchukue mtoto mpaka nyumba isimame, maana tutalala nje. Hayo ndiyo yaliyonileta."

"Kwa nini hukusema, mzee wangu?"

"Nilisubiri uniulize mara ya pili," alisema, tena bila hasira, na hilo ndilo lililonikata. "Twende. Nishikie huu mwisho wa nguzo, na wewe ule ufundi wako uonekane."

Tulirudi barabarani tumebeba nguzo, yeye mbele mimi nyuma, nikiinama kuokota mashati yangu njiani. Kijiji kipya kilikuwa pale pale nilipopita na basi. Mistari mirefu ya nyumba zilizonyooshwa kwa kamba, nyingi bado fito na matope. Nyumba ya mama ilikuwa ya tatu kutoka barabarani. Kama ningeinua kichwa kutoka kwenye lile tundu ningemwona yeye na mtoto pia, kwa sababu watoto wote wa kijiji hukimbilia basi, na wangu alikuwa kati yao. Alikimbilia basi ambalo nilikuwa ndani yake.

Mama alikuwa anakanda udongo kwa miguu, kanga amefunga kiunoni. Alinitazama, akatazama nguzo, akasema, "Umekuja. Weka hapo." Kisha akageuka akaita, na mtoto akaja.

Alikuwa amerefuka. Alikuwa na pengo mbele. Alisimama mbali kidogo, akaweka mikono nyuma, akainamisha kichwa na kusema kwa sauti safi kabisa, "Shikamoo."

Nilisema marahaba, maana midomo hujibu yenyewe. Akaenda, akarudi na kata ya maji kwa mikono miwili, akanipa, akasimama kusubiri kata kama alivyofundishwa kumsubiri mgeni. Adabu yake haikuwa na kasoro. Mimi ninayependa vitu visivyo na kasoro nilitaka amwage hayo maji, anikimbie, anitupie udongo, lolote. Akamtazama bibi yake. "Mama, mgeni akishakunywa niende kucheza?"

Alimwita bibi yake mama. Nikatoa gauni la njano ili nipate la kufanya. Lilimfika juu ya magoti na mabega hayakupita. Mimi, ambaye nimepima nusu ya Korogwe, mwanangu nilikuwa nimempima kwa mtoto aliyekuwa miaka miwili nyuma. Mama alilichukua akalikunja. "Litamfaa wa jirani," alisema.

Jioni nilimwambia mama nitaondoka na basi la asubuhi na nitamchukua mtoto.

"Utamchukua umpeleke wapi?"

"Kwangu. Korogwe."

"Akalale na nani? Na cherehani?"

"Mama, nyumba hii haina hata ukuta kamili."

"Ina mtu. Sikiliza, sikukatazi. Ni wako, umemzaa wewe, na mimi miguu inaniuma, ningependa unipunguzie kazi. Lakini huyu si kola, ukaona imekaa vibaya ukafumua ukashona tena usiku huo huo. Ukimbeba kesho atalia mpaka Handeni, na akinyamaza hatakuwa amekuzoea, atakuwa amechoka. Kaa hapa. Akikufuata mwenyewe, mchukue hata uende naye Dar es Salaam."

"Na sare za shule?"

Mama akacheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la kanga. "Mwanangu, unaniuliza mimi?"

Wakati wa kulala mtoto alikuja akasimama mlangoni, palipokuwa na mlango wetu wa zamani, umeegemezwa tu bila bawaba. Akaniuliza, "Leo unalala?"

"Nalala."

Akafikiri. "Na kesho?"

Nilikuwa na uwezo wa kusema ndiyo, lakini nilijua kwamba akilini mwangu nilikuwa tayari nimekaa dirishani mwa basi. Nilisema, "Na kesho." Kisha sikulala. Nilisikia shule nzima ikiingia darasani bila mashati. Nilisikia mwalimu mkuu akisema, niliwaambia, hawa wa vibarazani si wa kutegemea. Alfajiri basi lilikuja, likapiga honi, likaondoka, na mimi nilikuwa nimesimama nimeshika nguzo ya nyumba kwa nguvu kama mtu aliye kwenye mafuriko. Jirani yetu alinikabidhia mashati kwa dereva, kama nilivyomwomba, yapelekwe dukani yalivyo, na ujumbe kwamba atakayeyamalizia ni mwingine.

Siwezi kusema nilitulia. Siku zile nilikandika nyumba. Nililainisha ukuta kwa kiganja mpaka mama akapiga kelele, "Unatafuta nini hapo? Mvua ikinyesha haitauliza nani alilainisha!" Mtoto alikuwa upande wake wa ukuta anarusha matope yake, nami kila alipopachika bonge nilitaka kulisawazisha, nikajizuia, nikalisawazisha alipotazama pembeni. Aliona. "Mbona unaharibu langu?" aliniuliza. Nikaliacha. Bado liko, limetokeza kama goti, na kila nikipita jicho langu huumia. Alikuja kunisimulia mambo ya kuku aliyesahauliwa. Alikula na mimi sahani moja. Lakini kila jioni alisimama palepale na swali lake, na nilijua kwamba ni mtoto anayepima kama kitambaa kitatosha.

Nilipokwenda Korogwe nilikwenda mchana na nikarudi siku ya pili, na nilimuaga safari hii, macho kwa macho. Hakulia. Alinipungia mkono. Nilikuwa nimetaka alie.

Mzee mwenye duka alikuwa amempa kazi fundi mwingine, naye alikuwa amekaa mahali pangu na cherehani yake. Nilichukua shati moja la sare lililokamilika nikalichunguza kola. Ilikuwa imepinda kidogo. Wanafunzi walikuwa wakivaa mengine kama hilo, na Korogwe ilikuwa haijaanguka. Nilimwambia mzee nahamisha cherehani.

"Kijijini? Utamshonea nani?"

"Wamekusanywa watu wengi pale, mzee. Kuna shule inajengwa."

"Wakisema cherehani ni ya kijiji?"

"Sijui."

Akamwita mtumishi wake alete chai, na benchi litolewe nje. Nilikaa nikanywa chai yote. Tulizungumza habari za wanawe, mmoja anataka kwenda Ulaya, yeye hataki, mama yao analia. Tangu nimfahamu sikuwahi kujua ana mtoto anayemliza. Kisha walinipandishia cherehani juu ya basi.

Wapo watakaosema nimefanya jambo jema. Mimi sina hakika. Nashona chini ya paa la mama, nguo chache, viraka vingi, na siku nyingine nikisikia kwamba yule fundi wa Korogwe ameongeza cherehani ya pili, mkono unakwenda wenyewe kufumua mshono usio na kosa. Nimehamisha cherehani, hofu ilikuja yenyewe kwa miguu. Adhuhuri naifunika kwa kanga, nakula na mwanangu, na ule muda wote nasikia miguu yangu chini ya mkeka ikikanyaga. Pengine hofu ndiyo iliyonifanya nijue kazi na sitaweza kuitupa. Ninachojaribu ni kuikataza isikae mahali pa kulala pa mtoto.

Aliendelea kuuliza swali lake mvua zikaja, tukapanda, mahindi yakafika magotini. Leo unalala? Nalala. Hata siku niliyokuwa na homa na siwezi kuinuka, aliuliza. Mimi ananiita Mama Korogwe, na bibi yake anamwita mama, na nimeacha kumsahihisha.

Juzi baada ya sala ya isha nilikuwa nimekwisha kulala kitandani, nikisubiri. Nilisikia ananawa miguu. Nilisikia anagombana na bibi yake juu ya kipande cha muhogo. Akaingia, akapanda, akavuta kanga. Nikangoja. Swali halikuja. Nikapitia siku nzima kutafuta nimekosea wapi.

"Leo hukuniuliza," nilisema.

"Nini?"

"Kama nalala."

Alinitazama kama mtu niliyemuuliza kama ukuta nao utalala.

"Sogea," alisema. "Umechukua pote."